Damu Iliyopigiwa Saluti

Kitendawili, wajukuu, na msijibu mkiwa mmesinzia. Mwenyewe yuko zizini anatafuna majani, damu yake inakwenda mjini inapigiwa saluti. Ni nani huyo?

Mmesema rais. Siye, na mseme polepole. Mmesema askari aliyekufa vitani. Siye pia, yule hatafuni majani, labda mwezi ukiwa umekaribia kuisha. Mmeshindwa. Basi nipeni mji. Huo sitaki, una mbu. Huo mwingine nimepewa mara nyingi mpaka nauonea haya. Nipeni mji mkuu wa nchi ile ambayo jina lake hubadilishwa kila sikukuu ya taifa, ili wananchi wasilizoee. Mmenipa? Haya, nimekwenda, nimekula wali, nimenawa, nimerudi na jibu. Ni ng'ombe wa nchi ile. Kaeni vizuri mjue ilikuwaje, na atakayeuliza kama nchi hiyo ni hii yetu nitamnyima kitoweo.

Nchi ile ilikuwa na amani, na ushahidi wake ulikuwa mabango. Kila njia panda palikuwa na bango lililosema hapa pana amani, na chini ya bango alikaa askari mwenye bunduki kuhakikisha linasomwa. Basi katikati ya amani hiyo ng'ombe wakaanza kutoka mate. Mate mengi, yananing'inia kama uzi wa fundi cherehani. Ulimi unavimba. Ng'ombe anasimama mbele ya majani anayatazama tu, kama mtu aliyekutana na ndugu yake akasahau jina lake. Kisha analala, na asubuhi haamki.

Watu wakauita ugonjwa huo homa ya mate. Serikali ilisikia, na haikuchelewa, ikachukua hatua siku hiyohiyo: ikapiga marufuku neno homa. Waziri wa Wanyama Wanaofugwa na Wasiofugwa, Mheshimiwa Bwigane, alisema mwenyewe redioni kwa sauti yake ile nzito, sauti ya mtu anayezungumza akiwa ameegemea kitu laini.

"Ndugu wananchi, nchi yetu haina ugonjwa. Nchi yetu ina changamoto ya mate. Naomba tusichanganye mambo."

Tangu hapo ng'ombe hawakufa tena kwa homa. Walikufa kwa changamoto, na kila aliyesoma magazeti aliona wazi kwamba hali imeboreka.

Nyanzala alilisikia tangazo hilo akiwa anakamua. Huyu Nyanzala alikuwa mjane wa makamo katika kijiji kilichoitwa Kijiji cha Mfano, ingawa hakuna aliyewahi kuambiwa kilikuwa mfano wa nini. Alikuwa mwema, mcheshi, mgawaji wa mboga, lakini moyo wake ulizaliwa na shaka kama wengine wanavyozaliwa na kibyongo. Chumvi aliionja kabla hajalipa. Mgeni asiyemjua akimpa shikamoo, alijibu marahaba kwa upole kabisa, kisha akaangalia kama kuku wake wote wapo.

"Umewasikia?" akamwambia jirani yake Kalunde juu ya ua. "Sasa inaitwa changamoto."

"Jina zuri," akasema Kalunde. "Linafaa hata kumpa mtoto."

"Wakibadilisha jina la kitu, ujue wanakitaka."

"Mate ya ng'ombe wayatakie nini, Nyanzala?"

"Sijui. Hapo ndipo panaponikosesha raha."

Ng'ombe aliyekuwa akimkamua aliitwa Kitenge, maana alikuwa na madoa mekundu na meupe yaliyopangika vizuri kama yamechapwa kiwandani. Mnono, mpole, mwenye tabia ya kuvuta pumzi ndefu akiguswa chuchu, kama bibi arusi. Lakini hakuwa wa Nyanzala.

Hapa inabidi niwaeleze desturi ya huko. Mwenye ng'ombe wengi hawafugi pamoja. Anawapanga kwa watu, mmoja hapa, wawili kule, kwa kuogopa ukame, kijicho na wanasiasa. Yule aliyepewa, mlishaji, anachunga na kukamua. Maziwa ni yake, samadi ni yake. Ndama wa kwanza ni wa mwenye ng'ombe, na wa pili vilevile. Wa tatu ni wa mlishaji. Na jina la mwenye ng'ombe halitajwi kamwe. Ukimuuliza mlishaji, atatazama mlimani na kukuambia mvua ya mwaka huu haieleweki.

Kitenge alikuwa ameshazaa wa kwanza na wa pili, na wote walichukuliwa. Sasa tumbo lilikuwa limeshuka tena. Huyu aliyekuwa humo ndani alikuwa wa Nyanzala, na katika maisha yake yote Nyanzala hakuwahi kuwa na kitu chochote chenye kwato ambacho angeweza kukiita chake. Asubuhi alikuwa akiweka kiganja ubavuni mwa Kitenge na kungoja. Ndama akipiga teke, anacheka peke yake.

Mwenye Kitenge hakumjua. Ng'ombe aliletwa na bwana mmoja mpole sana, mwembamba, aliyekuja na gari la kijivu ambalo namba zake zilikuwa zimepakwa tope. Ilikuwa kiangazi, hata visima vilikuwa vimekauka.

"Tope la kiangazi," Nyanzala alisema siku ile, "mtu amelitafuta."

Lakini hakuuliza zaidi. Desturi ni desturi.

Sasa mje mjini mlikonipa. Huko kulikuwa na Maabara Kuu ya Ukweli wa Mifugo, jengo jeupe lenye bustani na ua wa chuma, na ndani yake mashine ya kupimia damu iliyotoka ng'ambo. Mashine hiyo ilikuwa imezinduliwa na kila kiongozi aliyekuwa na mkasi wake. Ilikuwa na mlinzi wake, dereva wake, na posho yake ya safari. Kitu pekee ambacho haikuwa nacho ni kazi, maana ilikuwa bado imefungwa katika nailoni yake. Mkuu wa maabara, Profesa Nkondola, mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, alikuwa ameeleza jambo hilo vizuri kwa wageni: nailoni ikitolewa, mashine inaacha kuwa mpya, na serikali iliahidi wananchi mashine mpya.

Ikatoka amri. Kila ng'ombe wa nchi atolewe damu, damu iende maabara, ukweli ujulikane.

Bwana mifugo aliyepelekwa Kijiji cha Mfano aliitwa Tegemea, kijana mnyenyekevu, mzaliwa wa mjini, aliyefika na pikipiki na kisanduku cha barafu. Barafu ilikuwa imemwagika njiani, lakini kisanduku kilikuwepo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Hiyo damu inakwenda wapi?"

"Maabara, mama."

"Ikifika inafanywa nini?"

"Inapimwa."

"Ikishapimwa, inarudi?"

"Hairudi, mama."

"Basi sema unachukua. Usiseme unapima."

Tegemea akacheka, akamshika Kitenge shingoni, akatafuta mshipa, akatoa damu yake taratibu, hata ng'ombe mwenyewe hakushtuka. Akaandika madoa, akaandika umri, kisha akasimama na kalamu hewani.

"Ng'ombe huyu ni wa nani?"

Nyanzala akatazama mlimani. "Mvua ya mwaka huu," akasema, "haieleweki."

"Mama, hapa panahitaji jina."

"Weka lako. Wewe si umeshamshika shingo?"

"Siwezi, mama. Ni kosa."

"Na mimi siwezi. Ni kosa pia, ila la kwetu."

Kijana akaacha pengo. Akaenda kwa Kalunde, naye akamweleza habari za mvua. Nyumba hadi nyumba ilikuwa hivyohivyo. Aliyetaja jina alikuwa mmoja tu, Mwenyekiti Makene, kwa sababu yeye ng'ombe alikuwa wake kweli na alipenda ijulikane. Kwa bahati mbaya ng'ombe huyo alikuwa anatoka mate tangu juzi, na damu ilipokuwa inatiwa kizibo alikuwa tayari amelala chini anatazama mbingu.

Safari ya damu ile kwenda mjini, wajukuu, wafalme hawajawahi kuipata. Ilikuwa imetangazwa kuwa mali ya taifa, na mali ya taifa haipiti mahali bila kupokewa. Kila ilipofika mpaka wa wilaya, mkuu wa wilaya alikuwa amesimama na kofia yake. Polisi walipiga saluti. Bendi ilipiga wimbo wa taifa, ule mpya, na bendi ilipoona imekosea ikapiga ule wa zamani ili kuwa na uhakika. Hotuba zikasomwa. Wanafunzi walikariri ngonjera kuihusu damu, huku chupa zenyewe zimepangwa juani mezani, kwenye kitambaa cheupe, zinachemka. Kuna wilaya zilizovisha visanduku mashada ya maua. Hatimaye ilipofika maabara ilikuwa imeganda, imeoza na inanuka, lakini hakuna damu katika historia ya nchi ile iliyowahi kuheshimiwa namna hiyo.

Majibu yalisomwa redioni, baada ya matangazo ya vifo. Nyanzala na Kalunde walisikiliza pamoja wakichambua mchicha. Profesa Nkondola alisema mwenyewe.

"Utaratibu wa kitaalamu ni huu. Uzima ni sifa, na sifa hupewa mtu. Damu ambayo haina jina la mwenye mali hatuna wa kumpa sifa hiyo. Kwa hiyo ng'ombe wasio na mwenyewe, wote wana changamoto. Ng'ombe wenye mwenyewe, wote ni wazima. Tunampongeza kwa namna ya pekee Mwenyekiti Makene."

Ng'ombe wa Makene alikuwa ameshazikwa. Mwenyekiti alipokea pole na pongezi asubuhi moja, na kwa kuwa serikali haikosei, kila kukicha alionekana akielekea zizini na ndoo, akichuchumaa mahali patupu kwa muda wa kutosha, kisha akirudi na uso wa mtu aliyekosa maziwa kwa bahati mbaya tu.

"Na wetu?" Kalunde akauliza.

Redio ikajibu kana kwamba imemsikia. Ng'ombe wote wasio na mwenyewe wataletwa uwanja wa shule, watachomwa moto hadharani, na kiberiti cha kwanza atakiwasha Mheshimiwa Waziri. Kama kuna mwenye ng'ombe, ajitokeze, atoe jina, aeleze amewapata wapi.

Nyanzala akaacha mchicha. Akaenda zizini, akaweka kiganja ubavuni mwa Kitenge. Ndama akapiga teke. Safari hii Nyanzala hakucheka.

"Hao wenyewe watajitokeza," Kalunde akasema nyuma yake. "Nani ataacha mali yake ichomwe?"

"Aliyeapa kwamba hana."

Katika nchi ile viongozi wote walikuwa wameapa, mkono juu, kwamba hawana mifugo, ili wapate nafasi ya kuwafikiria wananchi. Mheshimiwa Bwigane, mzaliwa wa wilaya ileile, aliapa kwa ufasaha kuliko wote. Alisema hana ng'ombe, hana mbuzi, hana kuku, na kama kuna chawa nyumbani kwake basi ni wa mlinzi. Watu walipiga makofi mpaka wengine wakalia.

Wenye ng'ombe hawakujitokeza. Aliyetokea ni yule bwana mwembamba, na gari lake la kijivu, na tope lake. Alimkuta Nyanzala anafagia.

"Mama, habari za hapa."

"Nzuri, kabla hujafika."

"Mama una utani." Akatazama huku na huku. "Kesho wakikuuliza, sema ng'ombe ni wako."

"Kwani ni wangu?"

"Sema tu."

"Nikishasema?"

"Utapona wewe na atapona ng'ombe. Mengine tutajua baadaye."

"Tutajua mimi na nani?"

Bwana mwembamba akatabasamu tabasamu la mtu anayefunga mlango taratibu, akapanda gari, akaondoka.

Nyanzala aliendelea kufagia mahali palipokwisha kuwa safi. Aliligeuza neno lile huku na huku kama anavyogeuza kipande cha sabuni sokoni kuona kama kimeingizwa maji. Leo waniambie ni wangu. Kesho vumbi likishatua, wanakuja na tope lao: mama, umesema uongo mbele ya serikali, ng'ombe ana mwenyewe. Watamchukua Kitenge, na kilicho tumboni mwa Kitenge, na watu wa hapa watasema Nyanzala alijipa ng'ombe asiyepewa. Na nikikataa, moto. Hapo palikuwa na milango miwili, na yote miwili ilifunguka upande mmoja.

"Mwenzangu, sema tu ni wako," Kalunde akamshauri asubuhi wakienda uwanjani, kila mmoja akivuta ng'ombe wake. "Na mimi nitasema wangu ni wangu."

"Neno la bure namna hii," akasema Nyanzala, "lazima kuna mahali linauzwa ghali."

Uwanja wa shule ulikuwa umefagiliwa na kupambwa. Katikati palikuwa na rundo la kuni kubwa kuliko madarasa. Jukwaa lilizungushiwa majani mabichi ya migomba, lina viti vya sofa, na pembeni, juu ya lori, ilikuwepo mashine yenyewe ndani ya nailoni yake, imeletwa ili wananchi waione serikali yao. Mlinzi wake alikuwa akiipepea. Walishaji walipangwa foleni, kila mtu na kamba mkononi. Nyanzala akawekwa wa kwanza, kwa kuwa Kitenge alipendeza kwenye picha.

Msafara ukaja na ving'ora. Mheshimiwa Bwigane akashuka, akapokea ua, akapokea kiberiti juu ya sinia la fedha, akasimama mbele ya kipaza sauti cha redio ya taifa.

"Ndugu wananchi. Ng'ombe asiye na mwenyewe ni ng'ombe wa namna gani? Ni ng'ombe mzururaji. Ni ng'ombe anayekula majani ya taifa bila kuwajibika. Leo tunasema basi."

Makofi. Akageuka kwa madaha kuitazama foleni.

Sasa mimi sijui aliona nini, na sipendi kumsingizia mtu mkubwa. Ninachosema ni kwamba alimwangalia Kitenge, akaliangalia dume la Kalunde, akamwangalia yule mwekundu wa nyuma, akaendelea na foleni nzima mpaka mwisho, na kadiri macho yalivyokwenda ndivyo sauti ilivyopungua. Hotuba ilikuwa iishe hapo. Haikuisha. Ilirudi mwanzo. Ikaingia katika historia ya nchi, ikasifu reli, ikasifu akina mama, ikataja umuhimu wa kunawa mikono.

"Mbona kiberiti kinamtetemeka?" Kalunde akanong'ona.

"Atakuambia ni upepo."

"Upepo uko wapi?"

"Ndiyo maana nasema atakuambia."

Kitenge naye, kwa kuchoka kusubiri, alinyoosha shingo akaanza kula jukwaa. Alikula majani ya upande wa Mkuu wa Wilaya, akahamia upande wa Waziri, anatafuna kwa furaha, ulimi mwekundu safi, mdomo mkavu. Mtu mmoja katika umati akasema kwa sauti kwamba mgonjwa ana hamu ya kula. Profesa Nkondola, naye aliyekuwa jukwaani, akavaa miwani, akatazama, akavua, akasema hilo si jibu la kitaalamu.

"Lakini Profesa," Waziri akasema, na kwa mara ya kwanza siku ile alisema kama mtu aliyesimama kwa miguu yake mwenyewe, "haiwezekani wakapimwa upya? Mashine si hii hapa?"

"Inawezekana, Mheshimiwa. Ila utaratibu uko palepale. Tukipata jina, ng'ombe ni mzima. Bila jina, ana changamoto."

"Hata kabla ya kupima?"

"Ndiyo sifa ya maabara yetu, Mheshimiwa. Haichelewi."

Basi Waziri akashuka jukwaani na kipaza sauti mkononi, waya ukimfuata nyuma kama mkia. Akatembea mbele ya foleni akiuliza kwa upole. Ng'ombe huyu ni wa nani? Na huyu? Uwanja mzima ulitazama mlimani. Akarudi kwa Nyanzala, akainama kidogo, akanuka manukato.

"Mama yangu. Huyu si wako wewe?"

"Mheshimiwa ameonaje?"

"Naona unampenda."

"Hata mtoto wa jirani nampenda."

Kicheko kikapita. Waziri akacheka pia, kwa kuchelewa. "Sema tu ni wako, mama. Serikali imeridhia."

Maneno yaleyale, Nyanzala akawaza. Sema tu. Yametoka kwenye gari la tope, yamefika kwenye kipaza sauti, hayajabadilika hata herufi. Uso aliuweka kama anauliza bei ya dagaa.

"Nikisema ni wangu, Mheshimiwa, mwenyewe akija kesho kumdai?"

"Haji."

"Haji kabisa?"

"Hakuna atakayekuja, mama. Nakuhakikishia."

"Umejuaje?"

Redio ya taifa ilikuwa hewani. Nchi nzima, kwenye maduka ya nyama, kwenye saluni, hospitalini, ilisikia Waziri wa Wanyama Wanaofugwa na Wasiofugwa akikohoa.

"Kwa... kwa mujibu wa utaratibu," akasema mwishowe.

"Ahsante. Basi tuufuate na utaratibu wa hapa. Wewe ni mtoto wa hapa, unaujua. Kwetu ng'ombe hatolewi kwa mdomo. Anatolewa kwa kamba. Mwenye ng'ombe anaishika, anamkabidhi mlishaji mbele za watu, na akishaikabidhi hamdai tena, yeye wala watoto wake wala mtu aliyemtuma. Sisi mwenye ng'ombe hatumjui. Lakini serikali si ndiyo mzazi wetu sote? Shika wewe kamba, unikabidhi."

Akainyoosha ile kamba. Waziri aliitazama kama ametegewa nyoka. Alipokuwa mtoto alikuwa ameona kamba zikitolewa namna ile, na ameona wazee wakirudi nyumbani bila ng'ombe na bila neno la kusema.

"Mimi siwezi," akasema. "Mimi si mwenye ng'ombe."

"Tunajua, uliapa," akasema Nyanzala kwa upole. "Na asiye mwenye ng'ombe akishika kamba, ni kamba tu, haina neno. Ni katani."

"Kama si wake, kamba itamuunguza nini?" Kalunde akauliza, hakumuuliza mtu yeyote hasa.

Watu wakaanza kufikiria, kila mmoja kivyake, wote wakielekea mahali pamoja. Mwenyekiti Makene alikuwa na ndoo yake mkononi, akaiweka chini. Waandishi kutoka mjini waliona tu mama mmoja anataka kupiga picha na kiongozi, wakasogea na kamera. Bwana mwembamba alionekana nyuma ya lori la mashine akitikisa kichwa, hapana, hapana.

Waziri akatazama rundo la kuni. Akamtazama Kitenge, ambaye tumbo lake lilicheza kidogo, ndama akijigeuza. Akatazama foleni nzima, nono, safi, mali ya miaka yote ya kuwafikiria wananchi. Kuwachoma alishindwa. Kusema ni wake alishindwa zaidi. Na kuikataa kamba mbele ya kamera nako angeulizwa sababu.

Akaishika.

Aliishika kwa vidole viwili, kama mtu anayeshika kitambaa cha mwingine, lakini aliishika. Akaitoa. Nyanzala hakuipokea hapohapo. Alingoja mpaka macho ya uwanja mzima yafike, hata ya wale wa juu ya ukuta. Kisha akapiga goti moja kama inavyotakiwa, akaipokea kwa mikono miwili.

Hakuna aliyepiga makofi isipokuwa wageni wa jukwaani. Watu wa Kijiji cha Mfano walivuta pumzi tu, wote pamoja, na nyuma ya Nyanzala ukasikika mlio mdogo wa kwato. Kalunde alikuwa amesogea hatua moja mbele, kamba yake imenyooshwa. Nyuma yake mwingine akanyoosha yake, na mwingine, foleni yote ikisogea taratibu, kwa adabu, kuelekea kwa Mheshimiwa, ambaye bado alikuwa na kipaza sauti katika mkono mmoja na kiberiti katika mkono wa pili na alikuwa ameanza kutoka jasho kwenye tai.

Tegemea, bwana mifugo, akaletwa mbele na kalamu. Profesa Nkondola akamwonyesha mahali palipoachwa pengo. Kijana akamwangalia Waziri, akaangalia kamba, akamgeukia mama yule aliyemweleza habari za mvua.

"Samahani, mama. Ng'ombe huyu ni wa nani?"

Nyanzala alizungusha kamba kwenye kiganja chake mara moja, akaikaza. Hakutazama mlimani.

"Ni wangu."